Pumzi baada ya neva kuumia: anza na mkao na saa, namba zifuate

Watu wawili wanalalamika kwa maneno yale yale: "Napungukiwa na pumzi." Wa kwanza alivunjika shingo miezi miwili iliyopita. Akilala chali anazungumza bila shida, lakini akiwekwa kwenye kiti cha magurudumu anaanza kuhema. Wa pili ametoka kwenye upasuaji wa moyo. Akikaa yuko sawa, akilala chali anainuka mbio kama aliyezamishwa majini. Ukimwambia kila mmoja "kaa wima upate hewa", umemsaidia mmoja na kumtesa mwenzake.

Kwa hiyo swali la kwanza si oksijeni ni asilimia ngapi. Ni lini, na akiwa katika mkao gani. Neva ikiumia, mwili hauachi kupumua hivi hivi. Huazima misuli mingine, huamsha njia zilizokuwa zimelala, hupanga kazi upya. Nyingi ya dalili zilizo hapa chini ni alama za huko kuazima, na kila kilichoazimwa kina saa na mkao ambapo hakifai kitu.

Hali ambazo hupaswi kuendelea kusoma

Piga simu ya dharura au mpeleke hospitali sasa hivi ukiona lolote kati ya haya:

- Hawezi kumaliza sentensi fupi kwa pumzi moja, au anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika.
- Ulimi au sehemu ya ndani ya midomo imegeuka bluu au kijivu. Kwa mwenye ngozi nyeusi usitazame uso, tazama hapo.
- Anasinzia katikati ya mazungumzo, au amechanganyikiwa na hakuwa hivyo.
- Oksijeni iko chini ya 92, au chini ya kiwango alichopewa na daktari wake, na haipandi baada ya kumbadilisha mkao na kumtoa makohozi.
- Pumzi imekatika ghafla, pamoja na maumivu ya kifua au mguu mmoja uliovimba. Huenda ni donge la damu limefika kwenye mapafu, na wiki za kwanza baada ya jeraha la uti wa mgongo ndizo zenye hatari kubwa.
- Udhaifu unapanda: jana miguu, leo mikono, na sasa anapaliwa na mate.

Jambo moja zaidi kwa jeraha jipya la shingo: siku tano za mwanzo pumzi huweza kuzorota hata kama siku ya kwanza ilikuwa nzuri, kwa sababu uvimbe hupanda na misuli iliyobaki huchoka. Asiondolewe kwenye uangalizi kwa kuwa tu "jana alikuwa anapumua mwenyewe".

Ramani fupi

Mdundo wa kupumua hutoka kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya shingo. Kikundi kidogo cha seli kinachopiga mdundo huo kilielezwa mwaka 1991, na kinaitwa preBötzinger. Kutoka hapo amri hushuka ndani ya uti wa mgongo na kutokea katika vituo vitatu. Kituo cha kwanza kiko kwenye pingili ya 3, ya 4 na ya 5 ya shingo, inakoanzia neva ya freniki, inayoendesha kiwambo (diaframu), ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Cha pili kimetandazwa kifuani na kinaendesha misuli ya katikati ya mbavu. Cha tatu, chini zaidi, ni cha misuli ya tumbo, ile ya kukohoa. Misuli ya shingo inayoinua kifua hupata sehemu ya amri yake kutoka kichwani moja kwa moja, ndiyo maana hubaki hai hata jeraha likiwa juu sana.

Jeraha la shingo ya chini, basi, huacha kiwambo hai na kuzima mbavu na tumbo. Jeraha la neva ya freniki hufanya kinyume chake. Ukishika tofauti hiyo, dalili mbili zinazofuata zitakuwa rahisi.

Dalili: akilala yuko sawa, akikaa anahema

Hii ni ya jeraha la uti wa mgongo, shingoni au juu ya kifua.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni tumbo lililolegea. Kiwambo kina umbo la kuba. Mtu akilala chali, uzito wa matumbo hukisukuma juu, hivyo kinapata nafasi ya kushuka kikivuta hewa. Akikaa, matumbo humwagikia mbele kwa kuwa misuli ya tumbo haiyashiki, na kuba inakuwa bapa kabla hajaanza hata kuvuta. Jaribio lake halihitaji kifaa: akiwa amekaa, weka viganja viwili chini ya kitovu, sukuma kwa upole kuelekea ndani na juu, mwombe avute pumzi tatu. Akisema "hapo afadhali", jibu umelipata. Dawa yake ni mkanda wa tumbo. Ufungwe angali amelala, kuanzia kwenye mifupa ya nyonga hadi chini ya mbavu za mwisho. Ukipanda juu ya mbavu unazibana, na hapo heri usingeufunga.

Ya pili ni presha kushuka. Wengi husema "pumzi" wakimaanisha kizunguzungu na giza machoni. Pima presha akiwa amelala, kisha dakika tatu baada ya kukaa. Mkalishe hatua kwa hatua, mwinue miguu, na mkanda ule ule husaidia hapa pia.

Ya tatu ni tumbo kujaa: choo kilichokwama, gesi, au mlo mkubwa. Ni jambo la kawaida linalosahaulika. Kabla hujalaumu neva, uliza alipata choo lini. Ya nne ni kuteleza kwenye kiti, kiuno kikaenda mbele na mgongo ukapinda kama upinde.

Hapa mwili hujirekebisha kwa njia ambayo watu wengi huichukia. Katika wiki za kwanza mbavu hulegea, na kila kiwambo kikivuta, kifua cha juu huingia ndani, hivyo sehemu ya kazi hupotea bure. Miezi ikipita, misuli ya mbavu hukakamaa, kifua kinakuwa kigumu, na ugumu huo unakizuia kisibonyee. Kiasi cha hewa anachoweza kuvuta huweza kukaribia maradufu ndani ya miezi mitatu. Kukakamaa ni adui wa mikono na miguu, lakini kifuani ni kama nguzo. Kama pumzi ilizorota baada ya kuongezewa dawa ya kulegeza misuli, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Usiikatishe dawa mwenyewe: baklofeni ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege.

Dalili: akilala chali anakosa hewa, akikaa anatulia

Tuseme ukweli: kwa watu kwa jumla, sababu ya kwanza ya hali hii ni moyo, si neva. Miguu imevimba? Anaamka usiku wa manane akikohoa? Moyo ushughulikiwe kwanza. Kuna kidokezo kimoja kinachosaidia: maji ya mapafu huchukua muda kupanda, ilhali kiwambo kilichopooza humshika mtu mara tu mgongo unapogusa godoro.

Kama ni kiwambo, mara nyingi ni upande mmoja tu, na mtu mwenye mapafu mazima anaweza asijue kabisa mpaka apigwe picha ya eksirei kwa sababu nyingine. Huhisi zaidi akiwa mnene, akiwa na pumu, au akipanda ngazi. Pande zote mbili zikipooza ndipo kulala chali kunakuwa adhabu, na mambo mawili madogo yanakuwa magumu: kuinama kufunga kamba za viatu, na kuingia kwenye maji yanayofika kifuani. Hilo la maji ni onyo. Asiogelee peke yake, na asiingie kina cha kifua kabla ya kupimwa.

Nini kimeiumiza neva? Anza na kilichotendeka mwilini karibuni. Upasuaji wa moyo au kifua ndio unaoongoza. Kisha sindano ya ganzi ya bega inayochomwa shingoni: hiyo mara nyingi hulaza kiwambo cha upande huo kwa muda, nacho huamka ganzi ikiisha. Isipoisha baada ya siku mbili, rudi kwa aliyeichoma. Kisha ajali ya shingo. Mwisho ni ule ugonjwa unaoanza na maumivu makali ya bega usiku, siku au wiki kadhaa kabla ya udhaifu, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva za bega na wakati mwingine za kiwambo.

Kipimo cha kuomba: kiasi cha hewa akiwa amekaa, kisha akiwa amelala. Kikishuka kwa zaidi ya asilimia 30, shaka ya pande zote mbili ni kubwa. Ultrasaundi huonyesha kama kiwambo kinanenepa wakati wa kuvuta hewa, na picha ya eksirei ya kusogea, huku mgonjwa akinusa kwa nguvu, huonyesha upande uliopooza ukipanda badala ya kushuka.

Atapona lini? Neva iliyozimia tu, bila kukatika nyuzi, hurudi kwa wiki au miezi michache. Nyuzi zilizokatika huota upya kwa takribani milimita 1 kwa siku, na safari ya freniki kutoka shingoni hadi kwenye kiwambo ni kama sentimita 30. Piga hesabu mwenyewe: ni karibu mwaka, na zaidi. Kwa hiyo anayeambiwa mwezi wa tatu kwamba "imeshindikana" ameambiwa mapema mno. Wakati wa kungoja, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, na kama usiku ni mbaya, mashine ndogo ya kusukuma hewa kwa barakoa imbebe hadi asubuhi.

Dalili: kifua na tumbo havikubaliani

Weka mkono mmoja kifuani na mmoja juu ya kitovu, atazame pembeni asijisikilize. Anapovuta hewa, tumbo likitoka na kifua cha juu kikaingia, mbavu ndizo zilizopooza na kiwambo kinafanya kazi. Tumbo likiingia na kifua kikapanda, tatizo ni kiwambo. Ikiwa hali ya pili imeanza leo kwa mtu ambaye jana hakuwa nayo, ni uchovu wa kiwambo: usingoje, hospitali.

Dalili: kikohozi hakina nguvu, makohozi yanakwama

Kwa aliyeumia uti wa mgongo, hapa ndipo maisha hupotelea, kuliko kwenye kuvuta hewa kwenyewe. Kukohoa kunahitaji mambo matatu: kujaza kifua, kufunga koo, na kulipuka kwa misuli ya tumbo. La tatu ndilo linalokosekana mara nyingi zaidi, kisha la kwanza, na koo mwisho.

Pima. Kile kifaa ambacho wagonjwa wa pumu hupuliza ili kupima kasi ya pumzi kinatosha: akohoe ndani yake kwa nguvu zake zote. Akiwa juu ya lita 270 kwa dakika, mafua ya kawaida atayavuka. Chini ya hapo, kila mafua ni hatari na anahitaji kusaidiwa kukohoa. Chini ya 160, makohozi hayatoki kwa nguvu zake mwenyewe.

Marekebisho, kuanzia mepesi. Maji ya kunywa ya kutosha, na kugeuzwa ubavu kwa ubavu. Kisha kurundika pumzi: avute, afunge koo, avute tena juu yake, mara tatu au nne, ndipo aachie. Wapo wanaojifunza kumeza hewa kama chura, wakiisukuma kwa ulimi funda baada ya funda. Waliougua polio walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1950, na mwenye mashine ya kupumulia anaweza kupata nayo dakika au hata saa za uhuru. Hatua inayofuata ni kusaidiwa kwa mikono: msaidizi husukuma tumbo ndani na juu, sambamba na kikohozi. Ufundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, na usifanye mara tu baada ya mlo, mbavu zikiwa zimevunjika, pingili zikiwa hazijatulia, mgonjwa akiwa mjamzito, au akiwa amewekewa kichujio cha madonge ya damu kwenye mshipa mkubwa wa tumboni. Hatua ya mwisho ni mashine inayosukuma hewa ndani kisha kuifyonza.

Mwaka 1986 watafiti wa Ubelgiji walionyesha jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: watu waliopooza tumbo kabisa wanaweza bado kutoa hewa kwa nguvu, kwa kutumia msuli wa kifua ule wa kusukumia mikono, sehemu yake ya juu iliyoshikana na mtulinga. Mwili uliazima msuli wa mkono ukaufanya wa kukohoa. Na kwa kuwa ni msuli wa mkono, unaimarika kwa mazoezi ya mkono. Mwenye jeraha la shingo ya chini asukumanishe viganja vyake viwili mbele ya kifua, kila siku, ahesabu kama mazoezi ya mapafu.

Onyo la kufyonza makohozi kwa mrija. Baada ya jeraha la shingo, neva ya vagasi hubaki bila mpinzani. Ndiyo inayoongeza makohozi wiki za kwanza, na ndiyo inayoweza kushusha mapigo ya moyo mpaka yasimame unapopitisha mrija kooni. Mpe oksijeni kwanza, fyonza kwa sekunde chache, na macho yako yawe kwenye mapigo. Yakishuka, toa mrija.

Dalili: asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia

Sababu ya kwanza ni pumzi kukatika usingizini kwa koo kuziba. Ni ya kawaida zaidi kwa waliopooza mikono na miguu kuliko kwa watu wengine. Uliza anayelala naye chumba kimoja: anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka?

Ya pili ni hewa ya ukaa kurundikana kwa kupumua kwa juu juu usiku. Katika usingizi wa ndoto ubongo hulegeza karibu misuli yote isipokuwa kiwambo. Misuli ya shingo iliyokuwa ikimbeba mchana kutwa inazimwa, na kama kiwambo ndicho kilichopooza, hakuna kilichobaki. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hapa ndipo methali hiyo inapoonekana kwa macho.

Ya tatu ni vidonge: vya usingizi, vya maumivu vya jamii ya mofini, pamoja na pombe. Ya nne ni nadra lakini ukiiona hutaisahau. Njia ya kupumua kwa hiari na njia ya kupumua bila kufikiri hushuka ndani ya uti wa mgongo kwa mapito tofauti. Jeraha likikata moja na kuiacha nyingine, mtu anapumua vizuri akikumbuka, na akisinzia anaacha. Ilielezwa miaka ya 1960 kwa wagonjwa waliokatwa nyuzi za maumivu shingoni. Mtu wa namna hii halali bila mashine, hata usiku mmoja.

Na sasa mtego ambao hata wahudumu wazoefu huutumbukia. Kifaa cha kidoleni kinaonyesha oksijeni ni 90, mtu anafungua mtungi, namba inapanda hadi 98, wote wanalala kwa amani. Lakini tatizo halikuwa oksijeni, lilikuwa hewa kutoingia na kutoka. Oksijeni ya mtungi inapendezesha namba huku hewa ya ukaa ikipanda kimya kimya, na kifaa cha kidoleni hakiioni hewa hiyo. Anayehitaji kusukumiwa hewa asipewe mtungi mtupu. Omba kipimo cha gesi za damu, au kipimo cha usiku kinachofuata hewa ya ukaa.

Onyo. Kama jeraha liko pingili ya 6 ya kifua au juu yake, na kichwa kinapiga ghafla, uso unatoka jasho na presha imepanda, hilo si tatizo la mapafu. Mkalishe wima, legeza nguo na mkanda wa tumbo, angalia kama mpira wa mkojo umekunjika au kibofu kimejaa, kisha choo. Presha isiposhuka kwa dakika chache, ni dharura.

Dalili: mkono unaruka kila anapovuta pumzi

Hii huwatisha watu, na mara nyingi si mbaya. Kuna aina mbili.

Ya kwanza hutokea baada ya neva za bega kuchanika, kwa ajali ya pikipiki au mtoto kuvutwa wakati wa kuzaliwa. Nyuzi zinapoota upya, baadhi ya nyuzi za kupumua hupotea njia na kuingia mkononi. Matokeo yake msuli wa bega au wa kiwiko hucheza kwa mdundo wa pumzi. Haiumi, na kwa wengi haihitaji tiba.

Ya pili imetengenezwa makusudi. Daktari wa upasuaji huchukua neva za katikati ya mbavu na kuziunganisha na neva ya msuli unaokunja kiwiko. Miezi ya kwanza baada ya nyuzi kufika, mgonjwa hukunja mkono kwa kuvuta pumzi nzito. Ndiyo njia pekee. Kisha polepole, mara nyingi kwa mwaka na zaidi, ubongo unajifunza kwamba waya hii sasa ni ya mkono, na anaweza kukunja kiwiko huku akizungumza au akiimba. Hata hivyo akipiga chafya, mkono huruka bado. Asibebe kikombe cha chai ya moto kwa mkono huo akiwa na mafua.

Cha kuangalia: kama alikuwa na udhaifu wa kiwambo upande ule ule kabla ya upasuaji, kupoteza neva za mbavu kunaweza kumwongezea taabu ya pumzi. Swali hilo liulizwe kabla ya kisu.

Dalili: sauti imekwaruza, au kuna mluzi akivuta hewa

Sauti nyonge baada ya upasuaji wa tezi la shingo, pamoja na kupaliwa na maji, mara nyingi ni neva ya uzi mmoja wa sauti. Kikohozi nacho hudhoofika. Mluzi akivuta hewa ni habari nyingine: nyuzi zote mbili zinaweza kuwa zimekaribiana na kuacha upenyo mwembamba. Hospitali, bila kusubiri. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu bila upasuaji wala mafua ichunguzwe hadi kifuani, kwa sababu neva ya kushoto huteremka mpaka chini ya mshipa mkuu wa moyo kabla ya kupanda tena kooni, na uvimbe wowote njiani unaweza kuibana.

Dalili: haachi mashine ya kupumulia

Swali la kwanza: jeraha liko wapi? Juu ya pingili ya 3 ya shingo, likiwa kamili, mashine kwa kawaida ni ya kudumu. Pingili ya 4 na chini, wengi huachana nayo kwa subira.

Kinachochelewesha mara nyingi ni kiwambo kilichosinyaa kwa kukaa bure. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta nyuzi za kiwambo zimepungua unene kwa watu ambao mashine iliwapumulia kabisa kwa saa 18 hadi 69 tu. Baada ya hapo ni makohozi, kisha lishe, kisha hofu, ambayo ni sababu halali kama nyingine. Mwachisheni kwa vipindi: dakika tano, apumzike, kisha kumi, na kwa aliyeumia shingo ianze akiwa amelala chali, kwa sababu tuliyoieleza mwanzoni. Jaribio lisiendelee mpaka achoke kabisa. Pumzi zikianza kuwa fupi na za haraka, mrudishe.

Kama neva ya freniki iko hai chini ya jeraha, inaweza kuchochewa kwa umeme. Christopher Reeve, mwigizaji aliyeanguka kutoka kwa farasi mwaka 1995, aliwekewa kichocheo cha kiwambo mwaka 2003. Neva yenyewe ikiwa imekufa, kichocheo hakina cha kuchochea. Kwa hiyo ipimwe kwanza.

Dalili: nafuu imesimama, na mtu amesoma kuhusu "kuamsha neva"

Mwaka 1895 W. T. Porter alikata nusu ya uti wa mgongo wa mnyama juu ya kituo cha freniki, na kiwambo cha upande huo kikapooza. Kisha akakata neva ya freniki ya upande wa pili. Kiwambo kilichokuwa kimepooza kikaanza kucheza. Njia zinazovuka kutoka upande mzima zilikuwepo muda wote, zimelala. Tangu hapo imeonekana pia kwamba vipindi vifupi vya kupunguziwa oksijeni huongeza nguvu ya amri inayofika kwenye kiwambo, kwa msaada wa serotonini, kemikali ya mwili inayopitisha ujumbe kati ya neva, na majaribio kwa watu yamefanyika hospitalini.

Usijaribu nyumbani. Kubana pumzi, kuvaa barakoa za "mlimani" au kupunguza mtungi si tiba hiyo. Kipindi kirefu kidogo au kizito kidogo hudhuru, na mwenye matatizo ya koo kuziba usingizini tayari anapunguziwa oksijeni kila usiku bila kuomba. Kinachofanyika salama nyumbani ni mazoezi ya kuvuta hewa dhidi ya ukinzani, kwa kifaa kilichopangwa na mtaalamu.

Dalili: alikuwa ametulia miaka mingi, sasa anarudi nyuma

Anza na ya kawaida: uzito umeongezeka, mgongo umepinda, kiti kimechakaa, dawa mpya imeongezwa, makohozi yamekuwa ya kudumu. Kisha usingizi, kama ilivyoelezwa juu.

Kama aliugua polio zamani, kumbuka kwamba seli za neva zilizosalia ziliasili nyuzi za misuli zilizofiwa na neva zao, kila moja ikibeba mara kadhaa ya mzigo wake. Miongo ikipita, seli hizo huanza kuziangusha nyuzi zilizozibeba. Hapa mazoezi makali hudhuru, na mashine ya usiku huokoa.

Nadra, lakini isikosekane: tundu lenye maji linaloweza kukua ndani ya uti wa mgongo na kupanda juu miaka baada ya ajali. Dalili zake ni maumivu mapya akikohoa, mkono uliokuwa na nguvu kudhoofika, na kutohisi joto mahali alipokuwa akihisi. Akiungua kidole bila kujua, usingoje pumzi ipungue, aombe MRI.

Kwa kufuatilia nyumbani, kuna kipimo kisicho na gharama. Avute pumzi hadi mwisho, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena. Vitabu hutoa namba za lugha nyingine, na "thelathini na tisa" ni ndefu kuliko waandishi wake wanavyodhani, kwa hiyo usishindane na vitabu. Ahesabu "moja" hadi "kumi" na kuanza upya, kwa kasi ile ile, amekaa na amelala, kila Jumapili, na iandikwe. Namba yake ikishuka kwa robo na kubaki huko kwa wiki mbili, daftari hilo liende naye kwa daktari.